Naomba ushauri: babu wa dhehebu la Marafiki (Quaker) aliyetengwa na kanisa 1778, Pennsylvania

Ndugu zangu mnaofuatilia historia za koo, wakubwa shikamooni.

Natafuta habari za babu wa ukoo wa mke wangu, Chester County, Pennsylvania. Alikuwa Rafiki (dhehebu lile lile la Kaimosi, Kenya, linalokataza vita), mshika dini hasa. Lakini kumbukumbu za kikao cha mwezi (mkutano wa kanisa lao la mahali) za 1778 zinasema alitengwa kwa kushika silaha, wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Mstari mmoja tu, wino umefifia.

Nimesoma vikao vya wanaume hadi 1790 nikitafuta barua yake ya kukiri kosa ili arudishwe kundini, sijaiona. Faili la pensheni ya askari halipo, na sishangai: alifariki kabla ya sheria ya 1832 ya pensheni kwa wapiganaji wa vita hivyo, na karatasi za mwanzo za Wizara ya Vita ziliungua Novemba 1800.

Kuzaliwa kwake kumeandikwa "siku ya 14, mwezi wa 11, 1749". Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza Machi, kwa hiyo naona ni Januari 1750. Je, niandike tarehe zote mbili? Na kwa mtu aliyetengwa, nianzie vitabu vya kodi na faini za mgambo, au vikao vya wanawake, maana mkewe alibaki kundini?

Natanguliza shukrani.