Skrini za mamilioni kwa ajili ya magari yanayojiendesha, mistari ya barabarani imefutika!

Wakuu, hili jambo linakera. Kila jiji likitangaza kwamba linajiandaa kwa magari yasiyo na dereva, maandalizi yenyewe ni yale yale: chumba chenye skrini ukuta mzima, antena kwenye nguzo za taa, waandishi wa habari wameitwa. Toka nje ya jengo hilo utafute kivuko cha pundamilia. Hakionekani!

Magari haya yanaona kwa kamera, rada na leza. Hayangoji antena yako. Yanatafuta mstari. Marekani, toleo la 11 la mwongozo wa alama za barabarani, la Desemba 2023, lina sehemu nzima kuhusu magari haya, na mojawapo ya mambo linayopendekeza ni mistari ya upana wa sentimita 15 hivi badala ya 10. Rangi tu, wakuu.

Na hiyo rangi yenyewe inapigwa ovyo. Shanga ndogo za kioo, zile zinazofanya mstari ung'ae usiku, zinatakiwa kurushwa rangi ikiwa mbichi, zizame nusu au zaidi kidogo. Zikizama zote hazirudishi mwanga wa taa usiku; zikikaa juujuu, matairi yanazing'oa. Kibaya zaidi ni mkandarasi anayehamisha njia kisha kuufunika mstari wa zamani kwa rangi nyeusi. Mchana mstari huo hauonekani. Usiku mvua ikinyesha, ile nyeusi inang'aa kuliko lami, na kamera inaona mistari miwili inayokwenda pande tofauti. Hata dereva mzoefu anapotea hapo. Mstari wa zamani ung'olewe kwa maji ya shinikizo kubwa. Ukikwangua kwa mashine unaacha mfereji, na mfereji nao unasomeka kama mstari.

Tuje kwenye barabara zinazochimbwa. Agosti 2023, San Francisco, gari lisilo na dereva liliingia kwenye zege bichi likanasa. Kibali cha kuchimba kinaandikwa Jumatatu, kazi inaanza Alhamisi, koni zinasahaulika wiki nzima baada ya kazi kuisha. Ramani ya gari itajuaje? Kila kibali kitolewe na taarifa inayosomeka na kompyuta: eneo linaanzia wapi na kuishia wapi, njia ipi imefungwa, upande upi wa kupita. Halafu msimamizi wa kazi athibitishe kwa simu dakika ile koni zinaposhushwa, na tena zinapoondolewa. Asiyethibitisha alipe faini. Bila faini hakuna atakayefanya.

Suala la zimamoto ndilo linaloniuma zaidi. Jiji hilo hilo, mwaka huo huo, walilalamika wazi kwamba magari haya yanawazibia njia na kuingia kwenye maeneo ya moto. Kabla ya kupewa kibali cha kuendesha magari haya, kampuni itoe namba moja ya simu inayopokelewa na binadamu saa 24. Kila kikosi kifundishwe kwa gari lenyewe: jinsi ya kulizuia lisiondoke, kulisogeza kwa mkono, kukata umeme wa betri. Mtaa unaoungua ufungwe kwenye ramani ya magari yote ndani ya dakika chache, si baada ya barua pepe tatu.

Umeme nao. Desemba 2025, San Francisco tena, umeme ulikatika, taa za makutano zikazima, magari yasiyo na dereva yakasimama katikati ya barabara. Betri za akiba kwenye makutano makubwa ni kazi ya jiji, na zinawafaa wote wanaopita hapo.

Maeneo ya kushushia abiria yachorwe mapema, marefu kiasi cha gari kuingia lote bila kuacha mkia njiani.

Na mikataba na kampuni za magari haya! Oktoba 2023 gari lisilo na dereva lilimburuta mtembea kwa miguu mita 6 hivi, na kampuni husika baadaye ikakiri kwamba ripoti yake kwa serikali ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo muhtasari wa kampuni msiupokee. Andikeni kwenye mkataba: video nzima, kuanzia kabla ya ajali mpaka gari linapozimwa, na orodha ya kila mwezi ya mahali gari lilipogoma njiani na kwa dakika ngapi.

Mlio na zabuni ya skrini mezani hivi sasa, onyesheni bajeti ya rangi, ya betri za makutano na ya mafunzo ya zimamoto. Kama hazimo, rudisheni hiyo zabuni ikaandikwe upya.