Nasoma maltimidia UDOM ila nataka kutengeneza magemu, nivumilie au niache?

Kijana_Ngongona: Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nipo mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ndaki ya kompyuta (CIVE), teknolojia ya maltimidia na uhuishaji. Moyo wangu uko kwenye kubuni magemu. Wenzetu Chuo Kikuu cha Abertay kule Scotland digrii yake walianza kuitoa 1997. Mimi kila nikirudi Mpwapwa mzee ananiuliza nitaajiriwa wapi, naishia kumwambia TBC. Nimeanza magemu matano, hakuna lililoisha. La mwisho ni bodaboda ndani ya Dodoma nzima, hadi sasa nimemaliza kiplefti kimoja. Niache chuo nijifunze YouTube?

Babu_Chamwino: Mjukuu, gemu halilipi. Hamia ualimu.

Kete_Mbili: Babu, walimu wangapi wako mtaani wanasubiri ajira? Mdogo wangu, usiache. Kuchora na kuhuisha unakofundishwa ndiko kutakulipia kodi ya gheto. Tatizo ni hiyo Dodoma nzima. Chukua bao la kiswahili: mashimo 32, kete 64, kila mtu anaanza na 22 mkononi, kwanza namua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, halafu mtaji, kucheza na zilizo ubaoni tu. Huchori mtu wala mti. Ila jaribu kumwelewesha asiyelijua masharti ya nyumba, lile shimo lenye sheria zake, hapo ndipo utajua kubuni gemu ni kazi gani. Na usikimbilie kompyuta. Chora kwenye boksi, mpe mtu kokoto, kaa kimya uone anakwama wapi. Kukaa kimya ndiko kugumu.

Kijana_Ngongona: Sawa kaka. Na kompyuta yangu ya mtumba, RAM ya GB 4, itaweza?

Fundi_Nzuguni: Programu ya kutengenezea magemu kama Unity, hapo utasonga ugali na kuula kabla haijafunguka. Weka Godot, kazi ni ile ile, ila ni bure na nyepesi. Gemu likiisha, liweke itch.io, tovuti ya magemu, hawatozi kitu kulipandisha. Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu, kwa hiyo subiri bumu. Mwezi wa kwanza kuna Global Game Jam, saa 48 mnatengeneza gemu zima. Nenda, maana saa zikiisha huna pa kuongezea kiplefti. Mwajiri anataka aone vitu vitatu vidogo vinavyochezeka, na chini ya kila kimoja uandike wewe ulifanya nini. Usijisifie kazi ya kikundi, swali la pili tu litakuumbua.

Kijana_Ngongona: Mrejesho. Nimechora boksi, nimemwita ninayekaa naye. Namua ya tatu tu kaniuliza, "Sina cha kula, sasa nafanyaje?" Nikajikuta namchezea mimi.

Babu_Chamwino: Hukumweleza kutakasa, kucheza bila kula! Jumamosi njooni wote wawili na hilo boksi. Kokoto acheni huko huko, kete ninazo.