Jeni ya SLC5A5 ni nzima, mbona uvimbe wa thairoidi umegoma kunyonya iodini?

Kapilari:
Habari wakuu. Swali ni la saratani ya tezi ya thairoidi aina ya papila. SLC5A5, jeni inayotengeneza NIS (protini inayoingiza iodini ndani ya seli), imesomwa herufi kwa herufi kwenye sampuli za vivimbe visivyonyonya iodini ya mionzi, na haina kasoro. Sampuli nyingi zina BRAF V600E, badiliko la jeni ya BRAF inayochochea seli zigawanyike. Lakini mRNA ya NIS (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) kwa qPCR, kipimo cha kuhesabu nakala hizo, haieleweki: kwenye baadhi iko chini kabisa, kwenye nyingine inakaribia ya tezi yenye afya. Nani anaizima jeni hiyo, na kwa nini vipimo vinagombana?

Mnukuzi:
Mkuu, ukitafuta kasoro kwenye herufi za jeni hutaiona. Jeni haijaharibika, imezimwa.

Kwenye tezi yenye afya TSH (homoni inayoiamrisha thairoidi) inashika kipokezi chake, cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) inapanda, na PAX8, protini inayowasha jeni, inakaa kwenye NUE, kipande cha DNA kilicho karibu besi 9,000 kabla ya promota (sehemu ya kuanzia unukuzi) ya SLC5A5, ndipo unukuzi unaanza. PAX8 ikishirikiana na wenzake NKX2-1 na FOXE1 ndizo zinazoifanya seli ibaki seli ya thairoidi.

BRAF V600E ni herufi moja tu: T ya nafasi ya 1799 inakuwa A, na valini ya 600 inakuwa glutameti. Basi MEK na ERK, protini zinazopokezana ishara ya BRAF (njia ya MAPK), zinawaka saa zote bila kungoja amri. Kutoka hapo NIS inabanwa pande kadhaa. Seli inajitolea TGF-beta (protini ya ishara) yake yenyewe, mjumbe wake SMAD3 anaamka na kuizuia PAX8 isishike NUE. Histoni H3 na H4, protini zinazoviringishiwa DNA, kwenye promota zinavuliwa asetili, kromatini (DNA na histoni zake) inajifunga. Juu ya hayo kuna miR-146b, RNA ndogo ya kukandamiza jeni, ambayo hupanda sana kwenye papila, nayo inazikandamiza PAX8 na NIS zote mbili.

Usiandike tu "njia ya MAPK imewaka" kwenye jedwali lako. RAS (protini iliyo juu ya BRAF kwenye njia hiyo) iliyobadilika hupitisha ishara kwa RAF (familia ya BRAF) za kawaida zinazofanya kazi mbilimbili, na ERK ikizidi huzikanyagia breki. V600E hufanya kazi ikiwa peke yake, breki hiyo haiisikii. Ndiyo maana uchambuzi wa TCGA (mradi wa Marekani wa jenomu za saratani) wa 2014, wa vivimbe 496 vya papila, uligawa vivimbe katika kundi linalofanana na BRAF na linalofanana na RAS. Kwa kipimo cha jeni 16 za kazi ya thairoidi, kundi la BRAF ndilo lililopoteza zaidi sura ya tezi.

Darubini:
Naongezea upande wa vipimo, maana nashuku sampuli zako "za kawaida" zina tishu nzima ndani yake. Piga hesabu: tuseme seli za saratani zimebakiwa na 1% ya NIS, na kipande ulichokata kina 10% ya tezi yenye afya. Utasoma 0.9 × 1% + 10%, yaani karibu 11%. Umekosea mara kumi na moja, na mashine haina kosa lolote. Mwombe mpatholojia azungushie uvimbe kwenye slaidi ya H&E (rangi ya kawaida ya patholojia), kisha kwangua eneo hilo tu kwenye slaidi zisizopakwa rangi. Kama kuna Hashimoto (kinga ya mwili kuishambulia thairoidi), limfosaiti nazo zitapunguza kila jeni ya thairoidi, utadhani saratani ndiyo imezizima.

Kwa vipande vilivyohifadhiwa kwenye nta ya parafini, RNA imekatikakatika, kwa hiyo chagua vianzishi (primers) vya kipande cha besi 60–100. Vianzishi viruke mpaka wa eksoni, na DNase, kimeng'enya cha kuondoa DNA, usiiache. Jeni ya GAPDH peke yake haifai kuwa rejea ya kulinganishia, kwani hubadilika kwenye vivimbe. Pima jeni za rejea 3 au zaidi, uchague zilizotulia.

Halafu mRNA si mwisho wa habari. Kuna vivimbe ambavyo NIS ipo tele lakini imekwama ndani ya seli, haijafika kwenye utando. Iodini haitaingia hata kidogo. Fanya upakaji wa kingamwili, na uangalie *iko wapi*, si wingi wake tu.

Kapilari:
Asante sana, wakuu. Hilo la 11% limenifungua macho. Nikitaka kuiwasha tena kwenye seli za kuoteshwa maabara, nianze na zipi?

Mnukuzi:
Anza na kipimo cha STR (alama za DNA za kuhakikisha seli ni za nani) kabla ya kitu chochote. Mwaka 2008 laini 40 za seli zilizokuwa zikiitwa za saratani ya thairoidi zilipimwa, zikapatikana 23 tu zilizo tofauti. NPA ilikuwa melanoma, ARO ilikuwa HT-29 ya utumbo mpana. Ubaya wake, zote mbili zina BRAF V600E, kwa hiyo kupima BRAF hakukuokoi.

Ukiweka kizuizi cha BRAF, pima DUSP6 (jeni inayopanda ERK ikiwaka) na ERK yenye fosfeti (iliyowaka) baada ya saa 2 na tena baada ya saa 48. Mara nyingi ERK inashuka kisha inarudi, kwa sababu HER3, kipokezi cha ukuaji kilichokuwa kimebanwa, kinaachiwa. Ukipima mapema tu utasherehekea bure. Na hitimisha kwa kunyonya kwenyewe: iodini-125 ikiwa na pakloreti (inayoizuia NIS) na bila pakloreti. Kisichozuiwa na pakloreti si NIS.

Tabibu wa Mionzi:
Kwa wagonjwa imefanyika. Jaribio la selumetinibu, kizuizi cha MEK, la 2013: miligramu 75 mara mbili kwa siku, wiki 4, wagonjwa 20 waliopimwa kwa PET (picha ya mionzi) ya iodini-124. Kwa 12 unyonyaji uliongezeka, 8 wakafikia kiwango cha kupewa iodini-131, na 5 kati yao vivimbe vilipungua vya kutosha kuhesabiwa. Wote 5 wenye badiliko la NRAS (mojawapo ya RAS) walifikia kiwango. Wa BRAF waliofikia walikuwa wachache, huenda ni kwa sababu ya hiyo breki aliyoieleza Mnukuzi. Dawa lazima iwe inafanya kazi iodini inapotolewa, kwani ERK ikirudi, NIS inazimika. Vizuizi vya kuvua asetili vilivyojaribiwa peke yake havikufua dafu. Na kumpa kila mgonjwa wa hatari kubwa selumetinibu mara baada ya upasuaji hakukuongeza waliopona kabisa.

Sampuli zako zipime pia promota ya TERT (jeni ya telomerasi, inayoiwezesha seli kuendelea kugawanyika), kwenye mabadiliko ya C228T na C250T. Huko mambo ni kinyume: swichi inawashwa. Badiliko hilo linatengeneza mahali papya pa kukaa protini za ETS (familia ya protini zinazowasha jeni) kama GABP, na BRAF inaichochea GABP hiyo hiyo, ndiyo maana vikikutana viwili ugonjwa huwa mkali. Eneo limejaa G na C, PCR ya kawaida hugoma. Weka DMSO 5%. Sanger (njia ya kawaida ya kusoma herufi za DNA) haioni chini ya takriban 15–20% ya aleli, kwa hiyo kipande kiwe na angalau 40% ya seli za saratani, la sivyo "hasi" yako haina maana.