Nimeletewa faini mbili kutoka nchi niliyoondoka miezi saba iliyopita. Hii ni haki kweli?

Wakuu, nimekuja na povu na uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu.

Miezi saba iliyopita nilikodi gari Italia kwa siku nne. Nikalirudisha safi, tangi limejaa, halina mkwaruzo hata mmoja. Baada ya muda kampuni ikakata pesa kwenye kadi yangu, mara mbili. Nikajua nimeibiwa. Kumbe ni "gharama za kushughulikia": manispaa ya mji mmoja iliuliza dereva alikuwa nani, kampuni ikataja jina langu na anwani yangu, na kwa kazi hiyo ya kutaja jina nikatozwa mimi. Faini zenyewe zilikuwa bado njiani. Zimefika wiki hii. Bahasha mbili, kosa moja, siku moja, zimepishana dakika kumi na moja.

Kosa lenyewe ni kuingia ZTL, yaani "zona a traffico limitato", eneo ambalo magari yanawekewa mipaka ya kuingia. Waliowahi kuendesha Italia wanaijua. Katikati ya miji ya zamani kuna mitaa ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia saa fulani. Hakuna geti, hakuna mnyororo, hakuna askari. Kuna kibao cha duara, cheupe chenye ukingo mwekundu, na chini yake maandishi madogo ya Kiitaliano yanayotaja saa na wanaoruhusiwa. Juu kuna kamera inayosoma namba ya gari. Mimi nilikuwa natafuta hoteli. Nikapita, nikapotea, nikazunguka, nikapita tena. Kila nilipopita nimeandikiwa faini yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hoteli zilizo ndani ya maeneo hayo mara nyingi huweza kuiandikisha namba ya gari la mgeni wao. Mhudumu alinishushia mabegi akitabasamu, akaniuliza safari ilikuwaje. Namba ya gari hakuuliza, na mimi ningejuaje kama ni kitu cha kuulizwa?

Halafu hesabu za siku. Sheria yao inawapa siku 360 kumfikishia faini mtu anayeishi nje ya Italia. Anayeishi humohumo ni siku 90. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu uipokee unapunguziwa asilimia 30. Yaani wao wana karibu mwaka mzima wa kuandika barua, mimi nina siku tano za kuitafsiri, kujua ni ya kweli au ya matapeli, na kutafuta namna ya kutuma pesa.

Najua kuna mtu keshaanza kuandika "kutojua sheria si utetezi". Mkuu, shusha pumzi kwanza. Mwenyeji kakaa darasani, kafanya mtihani, kafundishwa kile kibao. Mimi nimepewa funguo na mtu anayelipwa kunikabidhi gari. Yule kijana wa kaunta alinizungusha gari zima akionyesha mikwaruzo ya zamani, akapiga picha rimu, akanibembeleza bima ya ziada mara tatu, akanieleza habari ya mafuta kama vile sijawahi kuona pampu. Kuhusu ZTL hakutamka neno. Na asiniambie hakujua, kwa sababu ile ada ya kushughulikia faini imo kwenye mkataba, ukurasa wa nyuma, pamoja na kiasi chake. Mtu hachapishi bei ya kitu asichotarajia kukiuza. Mgeni njoo mwenyeji apone: aliyesema hivyo nadhani alikuwa na yadi ya magari ya kukodisha.

Nilikuwa na leseni ya kimataifa ya udereva. Nimekifungua kile kijitabu jana usiku kwa hasira, nikakisoma kurasa zote. Ni tafsiri ya leseni yako ya nyumbani kwa lugha kadhaa, basi. Hakuna mstari hata mmoja kuhusu sheria za unakokwenda. Na hata hicho kijitabu chenyewe si kimoja. Kuna cha mkataba wa Geneva wa 1949, kinadumu mwaka mmoja, na cha mkataba wa Vienna wa 1968, kinachoweza kudumu hadi miaka mitatu. Kwa jina ni "cha kimataifa" vyote. Jamaa yangu alitua Japani na cha 1968, akaambiwa wao wanapokea cha 1949 tu. Gari alikuwa keshalilipia. China haikitambui hata kimoja.

Sina ugomvi na nchi kuwa na sheria zake. Waingereza waendelee kushoto na maili zao. Lakini kuna vitu ambavyo usipoambiwa huwezi kuvibuni kichwani. Uingereza kuna kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi wa mshazari, hakina namba yoyote. Maana yake ni maili 60 kwa saa kwenye barabara isiyogawanywa katikati, na 70 kwenye iliyogawanywa. Vuka uende Ujerumani, kibao kinachofanana nacho kinamaanisha masharti yameisha, na ukiwa kwenye Autobahn, barabara kuu zao za mwendo kasi, maana yake kanyaga utakavyo. Sasa mgeni akikosea hapo ni mzembe?

Marekani unaweza kukunja kulia taa ikiwa nyekundu, mradi usimame kabisa kwanza na kusiwe na kibao kinachokataza. Ukisubiri kijani unapigiwa honi. Ingia jiji la New York, nchi ileile, huruhusiwi mpaka kibao kikuruhusu. Pombe ndiyo vichekesho: England ukomo ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, Uskochi walishusha hadi 50 Desemba 2014. Kisiwa kimoja, hakuna kituo cha mpaka, umevuka na kilekile kilichomo mwilini na umeshakuwa mhalifu. (Binafsi naona jibu ni kutokunywa kabisa, lakini hilo ni jambo lingine.)

Na kuna za kuua kabisa. Ufaransa, kama makutano hayana kibao wala mistari, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita, hata kama anatoka kichochoroni na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Niliponea kwenye tundu la sindano. Mzee wa watu alitokea kwa amani zake zote, hakutazama hata upande wangu, kwa sababu kisheria hakuwa na sababu ya kunisubiri. Nikampigia honi na kumtukana kwa lugha yangu. Kumbe mjinga nilikuwa mimi, na hilo nimelijua baada ya kurudi nyumbani.

Msiniambie haiwezekani kuwafikia watu wote. Sweden ilihama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima kwa mpigo. Nembo ya siku hiyo ilichapwa kwenye maboksi ya maziwa, hadi kwenye chupi. Chupi, wakuu! Leo kampuni yenye jina langu, namba ya simu, barua pepe, kadi ya benki na tarehe ya kuwasili inashindwa kunitumia ukurasa mmoja wenye picha ya kile kibao na maneno "ukikiona hiki usiingie". Iuning'inize kwenye kioo cha ndani kama inavyoning'iniza tangazo la mafuta. Sidai zaidi ya hapo.

Nimewaandikia. Wamenijibu kwa adabu nyingi kwamba mteja ana wajibu wa kujifunza sheria za mahali, na ada hairudishwi. Faini nitalipa, nimeshaona kukata rufaa kutoka huku ni kujichosha. Ila ile ada ya kutaja jina naipinga kupitia benki yangu, na mwenye uzoefu wa kurudishiwa pesa ya namna hii naomba anieleze alianzia wapi.

Nimekumbuka pia kwamba siku ile, wakati natoka hotelini, nilipita palepale mara ya tatu. Bahasha yake haijafika, na zile siku 360 bado hazijaisha.