Namba yangu, picha zangu, msiba wangu: kwa nini ofisi inavigeuza bango la matangazo?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha.

Mimi ni afisa mikopo kwenye kampuni moja ya mikopo midogo hapa Dar. Kila Jumatatu asubuhi meneja anatupa tangazo kwenye kundi la kazi: kila mtu aliweke kwenye status na Instagram yake, skrinishoti irudi ndani ya nusu saa. Namba iliyo kwenye tangazo ni yangu mwenyewe. Laini ya ofisi sijawahi kupewa, bando najinunulia.

Simu haina usiku. Saa tano mtu anataka laki tatu, alfajiri mwingine ananitukana kwa ajili ya marejesho. Mdaiwa mmoja aliingia Instagram, akachukua picha ya mwanangu akiwa na sare ya shule, akanitumia bila neno lolote. Usiku ule ule nilifuta picha zote za mtoto, mikono inatetemeka.

Mwezi wa tatu baba alifariki. Niliweka picha yake status pamoja na ratiba ya mazishi. Jumatatu niko msibani Korogwe, meneja anaandika: "Pole sana dada. Skrinishoti yako bado." Nikaweka. Ukifungua status yangu unaona sura ya baba, ukigusa inafuata "Kopa leo, pesa ndani ya dakika 30". Shangazi akaniita nyuma ya turubai: "Mwanangu, baba yako hata hajazikwa, wewe unatangaza mikopo?" Sikuwa na la kumjibu.

Msiniambie nitenganishe akaunti. Nilishafanya, nina laini ya pili na WhatsApp Business. Meneja akaikataa, eti huko hakuna watu, anataka wale "wanaokuamini". Yaani imani ya shangazi zangu na niliosoma nao ndiyo anayoitaka, na anaitaka bure!

Sasa juzi Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wangu. Nimevaa gauni la mgongo wazi, nimecheza, nimeposti. Jumatatu nakabidhiwa barua ya kujieleza: nimechafua taswira ya kampuni. Kwa akaunti ipi? Hii hii ambayo hawajaichangia hata shilingi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na imeanza kutumika tangu Mei 2023. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lile zilizokusanyiwa. Namba yangu niliijaza kwenye fomu ya ajira ili ofisi inipate, si ili ibandikwe kwenye matangazo ifike kwa kila mdaiwa. Tume ya kupokea malalamiko nayo ipo, na nina skrinishoti zote, pamoja na ile ya msibani.

Barua natakiwa kuijibu kabla ya Ijumaa. Aliyewahi kukataa jambo hili kwa maandishi, aniambie aliandika nini na walimjibuje. PM iko wazi.