Nimeona tatizo kwenye muundo wa DNA wa timu ninayoilea: niseme au niwaache wagundue?

Binti_Pangani:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kulea timu za wanafunzi.

Nasoma uzamili Ujerumani, na mwaka huu ni mlezi wa timu ya chuo chetu kwenye iGEM, yale mashindano ya kimataifa ya baiolojia sintetiki. Mwaka jana nilikuwa mwanachama wa kawaida, kwa hiyo vijana wananiona kama dada yao kuliko mwalimu. Profesa huja Ijumaa. Siku nyingine wakikwama, wanagonga mlango wangu.

Wanataka bakteria E. koli ageuke bluu akikutana na madini ya risasi kwenye maji ya bomba. Vipande vya DNA wanaviunganisha kwa njia ya Golden Gate: kimeng'enya BsaI kinakata, kingine kiitwacho ligesi kinaunga, vyote ndani ya kichupa kimoja, mashine ikipanda nyuzijoto 37 na kushuka 16. Kisha wanaingiza kwenye bakteria, wanapaka kwenye sahani zenye kloramfeniko, dawa inayozuia bakteria wasiopokea DNA hiyo kuota, na kuziacha hadi kesho yake. Asubuhi sahani tupu. Wamerudia na kurudia, tupu. Sahani ya kulinganishia, yenye plasmidi (kiduara cha DNA) inayojulikana, inajaa koloni za bakteria kila mara, kwa hiyo bakteria ni wazima na kazi ya mikono yao haina shida.

Jana usiku nilifungua faili la muundo wao. BsaI hutambua herufi GGTCTC. Walizitafuta kwenye kila jeni wakaona hazimo. Ila DNA ina nyuzi mbili, na GGTCTC ikiwa kwenye uzi wa pili, kwenye faili utaisoma GAGACC. Hiyo ipo, katikati kabisa ya jeni ya protini inayoshika risasi. Ligesi ikiunga, BsaI inakata tena jeni hiyo, ndiyo maana sahani ni tupu.

Tuko Julai. Mwisho wa kuandika kwenye tovuti ya timu ni Oktoba na mashindano ni Paris mwezi huohuo. Binti wa mwaka wa kwanza ndiye aliyechora muundo wote, na sasa anasema ana mkono mbaya, haoteshi kitu. Naumia kumsikia. Lakini nikisema, jibu litakuwa langu, na watakaosimama mbele ya majaji ni wao.

Fundi_Maabara:
Dada, sema leo. Nafanya kazi maabara hapa Dar. Kwetu kimeng'enya kinaweza kufika barafu imeshayeyuka, ukaagiza upya na kuanza kusubiri tena. Nyie mnavipata kirahisi, lakini kila sahani tupu ni dawa iliyomwagwa na siku iliyopotea. Tena mtoto akizoea kuona patupu bila kujua kwa nini, anaikimbia fani. Nimewaona wa namna hiyo, na walikuwa na akili kuliko sisi tuliobaki.

Mwl_Baiolojia_Moro:
Namuunga mkono Fundi kwenye haraka, sio kwenye kutoa jibu. Mdogo wangu, kati ya kusema na kunyamaza kuna kuuliza. Wape ubao na kalamu. Waambie waandike mahali BsaI inaposhika, nyuzi zote mbili, moja juu ya nyingine. Usitaje jeni yoyote. Halafu uliza: kimeng'enya kinajua uzi upi ndio wa juu? Nyamaza hapo. Nafundisha Form Six, na swali la namna hiyo likitua darasani unaona kabisa sura zinabadilika. Ila weka kikomo: jioni ikifika hawajaona, waonyeshe. Kuwaacha gizani wiki nzima eti wajifunze, huko si kulea.

Chebet_Leeds:
Niliwahi kuwa kwa timu huku Uingereza. Hii iGEM ilianza kama kozi ya Januari 2003 pale chuo cha MIT, Marekani, wanafunzi wakibuni vifaa vya kufanya seli ziwake na kuzimika. Mwaka wa 2004 zilikuwa timu tano tu. Tangu mwanzo wanaobuni ni wanafunzi, kwa hivyo naelewa kwa nini unasita. Lakini kuna ukurasa ambao kila timu lazima iseme nani alifanya nini, na mchango wa mlezi una nafasi yake pale. Hakuna atakayewanyima medali kwa sababu mshauri aliuliza swali. Kile majaji watataka ni huyo msichana aweze kueleza kwa nini ilikataa na wakairekebisha vipi.

Halafu msiagize jeni mpya! Angalieni kama hiyo GAG ya mwanzo wa GAGACC iko kwa fremu, yaani seli inaisoma kama neno moja la herufi tatu. Kama iko, ni glutamati, asidi amino mojawapo ya kujengea protini, na GAA pia ni glutamati. Badilisheni herufi moja, protini inabaki ileile na BsaI haina pa kushika.

Binti_Pangani:
Asanteni sana. Mwalimu, nimefanya ulivyosema, leo baada ya chakula cha mchana. Aliyeshika kalamu ni yuleyule binti. Aliandika GGTCTC, chini yake CCAGAG, akaanza kuusoma uzi wa chini kutoka kulia: G, A, G, A... Hakumaliza. Aliiacha kalamu kwenye ubao bila kifuniko, akaenda kwenye kompyuta, na wenzake wakajaa nyuma ya kiti chake. Hata sikuulizwa kitu.

Chebet, GAG iko kwenye fremu. Wamechora wenyewe praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala, za kubadilisha hiyo G ya mwisho ya GAG kuwa A. Nimekagua tu joto la praima kushikana na DNA, na oda imekwenda jioni hii. Kwenye ukurasa wa michango wameshaandika kwamba mlezi aliuliza swali la nyuzi mbili, na jina la aliyeona GAGACC ni la binti. Mimi nimewaomba waongeze na jina la kijana aliyekuwa akiandaa sahani za kulinganisha kila mara, hata wenzake walipomwambia anapoteza muda. Bila zile sahani tungekuwa bado tunawalaumu bakteria.

Fundi, nina swali lako sasa: BsaI iliyobaki imetoka na kurudi kwenye friza mara nyingi. Niiamini kwa mzunguko ujao, au nifungue mpya?