Naomba ushauri: nyumba imefika kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kona imeanza kupasuka

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Niko Kigoma mjini, nyumba ya familia nimeianza Juni, vyumba vitatu na sebule. Kiwanja kina mteremko (Kigoma hii nani ana tambarare?), hivyo tulichimba upande wa juu, udongo tukajaza upande wa chini. Nadhani balaa lilianzia hapo, maana sikumbuki kuona ukishindiliwa. Msingi ni wa mawe, ukuta matofali ya kuchoma. Mpaka linta mambo yalikwenda vizuri, mama watoto alishachagua na mapazia.

Baada ya mvua mbili za kwanza, kona ya chini imetoa ufa wa mshazari unaopanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali. Mwanzo ulikuwa kama unywele. Sasa sarafu ya shilingi 200 inaingia. Niliweka alama ya penseli kwenye ncha yake na tarehe. Kwa siku 6 umesogea vidole viwili.

Fundi anasema plasta itaficha. Sitaki kufichiwa! Jirani anashauri nibomoe kona, nichimbe mpaka ardhi ngumu, nimwage zege lenye nondo, kisha nijenge ukuta wa kuzuia udongo wenye matundu ya kutoa maji.

Mabati na mbao za kenchi ziko stoo. Nipaue kwanza kuwahi mvua, au nisimame nitibu msingi? Mliojenga mteremkoni mlifanyaje? Na huyu fundi aliyekwishachukua robo tatu ya hela, nimwanzeje?